Damu ya kidoleni inakwenda wapi? Namna kazi ya utafiti wa afya inavyofundishwa Muheza, Amani na Korogwe

Kila timu ya utafiti wa afya inapoingia katika kijiji kimoja cha mkoa wetu, simu za kipindi huanza kuita. Wasikilizaji wanauliza yaleyale. Wanachukua damu ya nini? Kwa nini wanakuja usiku? Hao vijana wenye makoti meupe wamejifunzia wapi? Na mbona mtoto wa jirani amepata nambari hii, wa kwangu kapewa ile?

Ni maswali ya haki, lakini hayajibiki yote kwa dakika tano kabla ya taarifa ya habari. Ndiyo maana tumeandika makala hii uisome taratibu kwenye simu yako. Ukiona inafaa, msomee na mzee ambaye macho yake hayaoni tena herufi ndogo.

Jibu fupi ni hili: utafiti wa afya ni kazi ya mikono kabla haijawa kazi ya vitabu. Mtu hufundishwa kubisha hodi, kutoboa kidole, kupaka damu kwenye kioo, kuitazama kwa hadubini, kumkamata mbu, kuhesabu na kuandika alichokiona bila kuongeza chumvi. Mkoa wa Tanga ni mahali ambapo kazi hiyo imefundishwa kwa muda mrefu sana. Na ikifanywa vibaya, watu hufa. Tutaonyesha hapa chini, kwa hesabu za kwetu wenyewe.

Kutoka bustani ya Wajerumani hadi maabara ya malaria

Ukipanda milima ya Usambara Mashariki kutoka Muheza, unafika Amani. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti pale mwaka 1902. Wakati huo shughuli ilikuwa mimea na mazao, na miti mingi ya kigeni unayoiona Amani leo ni masalia ya bustani yao.

Utafiti wa malaria ulianzia chini, tambarare. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, daktari Mwingereza aliyeitwa Bagster Wilson alikuwa akichunguza malaria upande wa Muheza, mahali ambapo ugonjwa huo haukuwa na msimu wa kupumzika. Baada ya vita kikaanzishwa kitengo cha malaria cha Afrika Mashariki chini yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikahamia Amani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na vyake. Mwaka 1979 Bunge letu likapitisha sheria ya kuunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo wengi tunaijua kwa herufi zake, NIMR. Kituo cha Amani kikawa chini yake, na baadaye shughuli nyingi zikashuka Muheza, Korogwe na Tanga mjini, karibu na wagonjwa na barabara.

Katika vituo hivyo wamepita watafiti wa nje wengi. Lakini pia wamepita vijana wengi wa hapahapa walioingia wakiwa wasaidizi, wakafundishwa na waliotangulia, hadi wakawa wao ndio wanaomfundisha mgeni mwenye shahada namna ya kushika mbu bila kumvunja mguu.

Somo la kwanza: kubisha hodi

Mwanafunzi wa utafiti haanzi na sindano. Anaanza na mlango wa mtu.

Wazee wa pwani wanaijua hadithi ya mumiani, mtu anayesemwa kunyonya damu za watu ili zifanywe dawa. Hadithi hiyo ilienea Afrika Mashariki nzima wakati wa ukoloni. Wengi huicheka leo, lakini sisi hatuicheki. Tazama mambo yalivyokuwa: mgeni anakuja na gari, anapanga watu mstari, anachukua damu, anaondoka, na hakuna anayerudi kusema alikuta nini. Aliyebaki kijijini alilazimika kujijazia maelezo mwenyewe, akajaza mumiani.

Ndiyo maana siku hizi utafiti wowote wa afya hapa nchini lazima upate kibali cha kamati ya maadili kabla mtu yeyote hajaguswa. Timu inatakiwa kupita kwa mganga mkuu wa wilaya, kwa mtendaji, kwa mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji. Kisha mkutano wa kijiji, kisha nyumba kwa nyumba. Na ruhusa ya mwenyekiti haitoshi. Mwenyekiti anaruhusu timu iingie kijijini. Kidole chako unakiruhusu wewe.

Katika mafunzo, vijana huigiza. Mmoja anakuwa mtafiti, mwingine anakuwa mama mwenye nyumba, tena mama mgumu kweli:

"Hodi hapa!"

"Karibu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo mmekuja na mabegi, kuna nini?"

"Mama, tumekuja kuomba kupima malaria kwa watoto. Tunaomba tukueleze kwanza, halafu ukikubali sawa, ukikataa pia sawa."

"Na nikikataa, nikija zahanati nitatibiwa?"

"Utatibiwa kama kawaida, mama. Hili ni ombi. Huduma ya zahanati ni haki yako, haihusiani."

Kijana akijibu swali hilo la mwisho kwa kusitasita, anarudia zoezi. Akisema "usijali, saini tu hapa", anarudia vilevile. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Fomu ya ridhaa inasomwa kwa Kiswahili chote hadi mwisho. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi anayemwamini yeye, si shahidi wa timu. Mtoto anaombewa ruhusa na mzazi, na akiwa mkubwa kiasi cha kuelewa, naye anaulizwa. Nakala ya fomu inabaki kwako, ikiwa na namba ya simu ya mtu wa kumuuliza.

Somo la pili: kidole na kioo

Sasa tuje kwenye damu yenyewe.

Mtu mzima hutobolewa pembeni mwa ncha ya kidole, mara nyingi kile kilicho jirani na kidole kidogo, kwa sababu hakitumiki sana kwa kazi na kinapona bila kusumbua. Mtoto mchanga hutobolewa kisigino. Kidole kinafutwa kwa spiriti na kuachwa kikauke. Tone la kwanza hufutwa kwa pamba kavu, maana lina spiriti na majimaji. La pili ndilo linalotumika.

Juu ya kioo kimoja hutengenezwa alama mbili. Ya kwanza ni tone nene, lililozungushwa hadi likawa duara dogo. Walimu wana kipimo chao cha zamani: weka kioo juu ya gazeti, kama maandishi yanasomeka kwa shida kupitia damu, unene ni sawasawa. Yasiposomeka kabisa, umezidisha. Yakisomeka kama hakuna kitu, umepunja. Alama ya pili ni damu iliyotandazwa nyembamba kwa ukingo wa kioo kingine, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, mkono mmoja, bila kurudia. Tone nene linasaidia kumpata mdudu hata akiwa mmoja mmoja. Damu nyembamba inasaidia kumtambua ni wa aina gani.

Kisha kioo kinaandikwa nambari, si jina, na kuachwa kikauke kikiwa kimelala. Hapo kuna adui ambaye vitabu humtaja kwa ufupi lakini kila fundi wa kijijini anamjua: nzi. Nzi, sisimizi na mende hula damu ya kioo. Kazi ya siku nzima inaweza kuishia tumboni mwa sisimizi kwa sababu mtu aliacha boksi wazi wakati wa kula.

Baada ya hapo damu hupakwa rangi iitwayo Giemsa. Jina hilo ni la mfamasia Mjerumani, Gustav Giemsa, aliyefanya kazi katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani miaka ya 1890, kabla hajatangaza rangi yake mwaka 1904. Rangi hiyo hufanya kimelea cha malaria kionekane: mwili wake unakuwa wa buluu, kiini chake chekundu, na kikiwa kichanga kinafanana na pete yenye kito.

Msomaji anaweka tone la mafuta, anashusha lenzi kubwa na kuanza kuhesabu. Anahesabu vimelea huku akihesabu chembechembe nyeupe za damu hadi zifike 200. Kwa kawaida huchukuliwa kwamba tone dogo kabisa la damu, lile linaloitwa mikrolita moja, lina chembe nyeupe kama 8,000. Kwa hiyo idadi ya vimelea aliyopata huzidishwa kwa 40. Akiona vimelea 50, mgonjwa ana kama 2,000 katika kila mikrolita. Asipoona kitu, haruhusiwi kusema "hakuna" hadi amepitia sehemu 100 za kioo au zaidi, moja baada ya nyingine.

Katika utafiti, kioo kimoja husomwa na watu wawili. Wa pili haonyeshwi jibu la wa kwanza. Wakitofautiana, wa tatu anaamua. Mwanafunzi mgeni huona kama anadharauliwa. Mwalimu humwambia kwamba jicho la kila mtu huchoka saa nane mchana, na jicho lililochoka huona kile lilichokitarajia.

Kosa la kioo linagharimu nini

Sisi tuliokua miaka ya 1990 tunakumbuka. Homa ilikuwa malaria, kichwa kikiuma ni malaria, mtoto akikataa uji ni malaria. Unameza klorokwini chungu, unajikuna mwili mzima usiku kucha, asubuhi unaambiwa maliza dozi. Hakuna aliyetazama kioo. Mmoja wetu aliwahi kupewa dozi ya malaria mara tatu ndani ya miezi miwili katika zahanati moja, hadi alipopelekwa kwingine ikaonekana ni ugonjwa mwingine kabisa.

Tulidhani ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Haikuwa hivyo. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, huku kwetu. Watafiti walifuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa mahututi na kutibiwa malaria kali. Vioo vya damu yao vikasomwa upya na wasomaji waliofundishwa vizuri. Waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 2,062. Hao ni watu 46 katika kila 100. Zaidi ya nusu walikuwa wanatibiwa malaria ambayo haikuonekana kwenye damu yao.

Matokeo yake ni haya. Kati ya wale 2,062 wenye vimelea, walifariki 142, yaani kama 7 katika kila 100. Kati ya 2,412 wasio na vimelea, walifariki 292, yaani 12 katika kila 100. Na katika hao wasio na vimelea, karibu thuluthi moja hawakupewa dawa ya kuua bakteria, kwa sababu kila mtu alikuwa ameridhika kwamba jibu limeshapatikana.

Hatusemi haya kumlaumu muuguzi au daktari. Wodi zilikuwa zimejaa, na malaria ilikuwa kweli inaua. Tunasema ili uone kwamba yule kijana anayefundishwa kusoma sehemu 100 za kioo kabla ya kusema "hakuna", na kuamini "hakuna" inapokuwa hakuna, anashika maisha ya mtu. Utafiti wa namna hiyo ni sehemu ya sababu leo ukifika zahanati na homa unapimwa kwanza kwa kile kipimo cha haraka, kabla ya kupewa dawa. Kwa hiyo mama, kipimo kikisema mtoto hana malaria, usigombane na mhudumu akupe dawa ya malaria. Gombana naye akuambie basi ni nini kinachomfanya mtoto awe na homa.

Kwa nini wengine wanakuja usiku wa manane

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake limo ndani ya mwili wa mdudu.

Matende na mabusha, magonjwa tunayoyajua vizuri pwani hii, huletwa na minyoo myembamba kama uzi inayoishi kwenye mirija ya majimaji ya mwili. Minyoo hiyo huzaa watoto wadogo wasioonekana kwa macho. Mchana watoto hao hujificha katika mishipa ya ndani, hasa ya mapafu. Usiku, wakati mbu wanauma, hutoka na kuja kwenye damu ya karibu na ngozi ili mbu awabebe. Daktari Mskochi Patrick Manson aligundua tabia hiyo akiwa China miaka ya 1870, kwa kupima damu ya watu mchana na usiku na kulinganisha.

Ukichukua damu saa nne asubuhi, mgonjwa ataonekana mzima. Ukichukua kuanzia saa nne usiku hadi saa nane, wadudu wanaonekana wakicheza kwenye kioo. Kwa hiyo timu inakuja na taa usiku, mbwa wanabweka, watoto wanaamshwa, na uvumi unaanza. Siku hizi kuna vipimo vinavyoweza kufanywa mchana, lakini unapotakiwa kujua kama watoto wa minyoo wamo kwenye damu na ni wangapi, bado usiku una kazi yake.

Kiasi kinachochukuliwa kidoleni kwa kipimo hicho cha usiku huwa mikrolita 100, yaani sehemu moja ya kumi ya mililita. Ili kijiko kimoja cha chai kijae, unahitaji damu ya watu 50. Mumiani wa namna hiyo angekufa njaa.

Katika kazi ya matende lipo jina ambalo mkoa huu unapaswa kulikumbuka: Dkt. Mwele Malecela. Alianza kazi kituo cha Amani mwaka 1987 akiwa kijana, akajikita katika ugonjwa huu. Baadaye aliongoza mpango wa taifa wa kuutokomeza, mwaka 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, na mwaka 2018 akaenda Geneva kuongoza idara ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia magonjwa yaliyosahaulika. Alifariki Februari 2022. Zile dawa za kumeza kwa pamoja, ivermektini na albendazo, ambazo zilianza kugawiwa mkoani Tanga mwaka 2004, zilitokana na hesabu za damu za usiku kama hizo.

Kumpima mbu umri

Muheza inafundisha somo jingine ambalo limeifanya ijulikane duniani: mbu.

Mwanafunzi hujifunza kutega mbu kwa taa na feni ndogo iliyoning'inizwa karibu na chandarua. Hujifunza pia kuwanyonya ukutani alfajiri kwa mrija, hewa ikivutwa kwa mdomo na kitambaa cha wavu kikizuia mbu asiingie kooni. Kisha anakaa mezani na sindano mbili nyembamba, anampasua mbu jike na kutazama mambo mawili. Kwanza, tezi za mate zina vimelea? Pili, mbu huyu amewahi kutaga? Vijirija vidogo vya hewa kwenye mfuko wa mayai huwa vimejikunja kama uzi wa kufuma kwa mbu ambaye hajataga. Akishataga, vinanyooka na havirudi tena.

Umri wa mbu una maana gani kwako? Kimelea cha malaria kinahitaji kama siku 10 hadi 14 ndani ya mbu kabla hakijaweza kumwambukiza mtu. Mbu kijana anakuuma tu. Mbu mzee ndiye anayekupa malaria. Mtafiti Mick Gillies na wenzake walipasua mbu kwa maelfu katika eneo la Muheza kujua ni wangapi wanaishi hadi uzee huo. Somo lililotoka hapo ni kwamba si lazima umalize mbu wote. Inatosha kuwafanya wasizeeke.

Hapo ndipo chandarua chenye dawa kinapoingia. Katika miaka ya 1980 watafiti walitumia vibanda vya majaribio karibu na Muheza. Mtu analala ndani ya chandarua, mbu wanaingia, na asubuhi wanahesabiwa waliokufa na waliotoka hai. Vibanda vya namna hiyo husimama juu ya nguzo zilizozungukwa na maji. Kwa nini maji? Kuzuia siafu na sisimizi wasile mbu waliokufa kabla hawajahesabiwa. Matokeo yalionyesha kwamba chandarua chenye dawa hufanya kazi zaidi ya pazia la kawaida: humuua mbu anayekuja, na kuendelea kusaidia hata kikiwa na matundu. Chandarua unachokitundika leo kimepitia usiku mwingi wa watu waliolala hapa Muheza.

Mbona mtoto wangu kapata nambari ile?

Mkulima wa Handeni akitaka kujua kama mbegu mpya ya mahindi ni bora, hawezi kuipanda kwenye bonde lenye rutuba na ile ya zamani kilimani. Ikishinda, atajuaje kama ni mbegu au ni bonde? Atagawa shamba lilelile, tena bila kuchagua upande kwa kupendelea.

Utafiti wa dawa na chanjo hufanya hivyohivyo kwa watu, na njia ya kutopendelea ni kura. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika kwa watoto 15,459. Tanzania ilikuwa na vituo viwili, Bagamoyo na Korogwe. Watoto waligawanywa kwa kura. Mzazi hakujua mwanawe amepata chanjo gani, na aliyemfuatilia mtoto hakujua pia, ili asione nafuu pale anapotaka kuiona. Lakini hakuna mtoto aliyechomwa sindano tupu: ambao hawakupata chanjo ya malaria walipewa chanjo ya ugonjwa mwingine, kichaa cha mbwa kwa wakubwa kidogo na homa ya uti wa mgongo kwa wachanga.

Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, matukio ya malaria yalipungua kwa asilimia 36 katika miaka kama minne. Haikuwa kinga kamili, na wataalamu hawakudai hivyo. Lakini Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike, ikiwa ya kwanza dhidi ya malaria. Ndani ya uamuzi huo wamo akina mama wa Korogwe waliokuwa wakileta watoto kliniki mwaka hadi mwaka, jua na mvua.

Ukitaka kujifunza kazi hii

Vijana wa kidato cha nne hutuandikia wakiuliza waanzie wapi. Tunawajibu hivi.

Shika Biolojia, Kemia na Hisabati, usiziogope. Zipo njia za stashahada ya maabara za miaka michache, na Muheza kipo chuo cha serikali kinachofundisha udhibiti wa wadudu waenezao magonjwa. Mbele zaidi kuna Muhimbili na KCMC ya Moshi. Lakini anza sasa na vitu visivyolipiwa ada. Jifunze kuandika ulichokiona kwa tarehe na saa. Jifunze kuhesabu kitu kimoja mara mbili bila kuangalia jibu la kwanza. Jifunze kumsikiliza bibi yako hadi amalize. Timu zinapokuja kijijini mara nyingi huhitaji vijana wa hapohapo wanaojua njia na watu. Wengi walianzia hapo, wakibeba boksi la vioo.

Na wewe ambaye hodi itabishwa kwako

Timu ikija, uliza mambo haya bila aibu. Kibali chenu kiko wapi? Mnachukua damu kiasi gani na mara ngapi? Itakwenda wapi, na mtaitunza kwa muda gani? Mkikuta nina ugonjwa, nitatibiwa na nani? Nikijitoa katikati itakuwaje? Na matokeo mtarudi kutuambia lini?

Mtafiti aliyefundishwa vizuri atafurahi kuulizwa. Akikasirika, una haki ya kusema hapana, na hakuna mwenyekiti wala mganga anayeweza kukulazimisha.

Swali la mwisho kati ya hayo ndilo tunaloomba mlishikilie zaidi. Tone la damu likienda Muheza na habari yake isirudi kijijini, kazi imefanyika nusu. Sisi kwenye kipindi tuko tayari kusaidia: kama timu ilipita kwenu na hamkuwahi kuambiwa walikuta nini, tutumieni ujumbe mtaje kijiji na mwaka. Tutawatafuta, tutawauliza, na jibu tutalisoma hewani.